Mtamba wa Kijiji Pepe Aliyekataa Kuhama

"...halafu karudi tena! Dada Marta, karudi! Kauzwa, kalipiwa, kapelekwa, na jua halijazama karudi kwa mwenyewe kama vile alienda kusalimia tu!"

Hana aliingia saluni maneno yakiwa tayari yako katikati, kwa sababu yalianza kumtoka tangu kule kona ya Makanyagio. Njia nzima alikuwa anayasema peke yake, mpaka dereva wa bodaboda akapunguza mwendo kumuuliza kama yuko salama. Yuko salama sana. Ana habari tu, na Hana akiwa na habari ni kama sufuria la maziwa jikoni: ukigeuka kidogo, limeshamwagika.

Marta, mtoto wa mama yake mkubwa na mwenye saluni, hakuinua hata macho. Alikuwa na kichwa cha mteja mikononi, mama mmoja wa Nsemulwa aliyekuja kusukwa kwa ajili ya kipaimara cha mwanawe.

"Nani karudi?"

"Ng'ombe!"

Mama wa Nsemulwa akageuza shingo. Marta akamrudisha kwa kitana. "Tulia, mama, mstari utapinda. Ng'ombe wa nani, we Hana?"

"Wa kwenye simu."

"Aa," mama yule akasema, "mi nilidhani wa kuliwa."

Hana alivuta kiti cha plastiki, akakaa, akasimama, akakaa tena. Ilikuwa saa tisa alasiri, na saa kumi na mbili jioni ndiyo ilikuwa mwisho wa kila kitu. Ikabidi ajilazimishe kuanza mwanzo, jambo ambalo kwake ni gumu kuliko mtihani wowote aliofanya chuoni.

Mchezo wenyewe unaitwa Kijiji Pepe. Unaingia kwa simu, unapewa kiwanja, unajenga, unalima, unafuga, na mazao yako unayapeleka sokoni kuuziana na watu wa kweli walioko popote, mkiongea kwa sauti zenu kabisa. Vijana wa Katavi walikuwa wameuvamia kama nzige. Na penye soko, lugha gongana haikosi. Mtu ananunua nyumba, anafika anakuta haina mlango. Mwingine kauziwa shamba la mahindi, kumbe mahindi yamepakwa rangi tu. Ndiyo maana mchezo una wapatanishi, yaani wachezaji wanaochaguliwa na wenzao kusikiliza kesi za wanunuzi na wauzaji. Hana, aliyemaliza diploma ya maendeleo ya jamii na bado anasubiri ajira, alichaguliwa mwezi uliopita. Siku ile alitangaza nyumbani, akatangaza kwenye kwaya, akamtangazia hata muuza mkaa.

"Sasa kesi ya leo," alisema, "mlalamikaji ni Odeta. Binti wa Katumba, kwao wanalima tumbaku, wale wenzetu wenye asili ya Burundi. Mchezoni yeye ni mtu wa nyuki. Asali yake inagombaniwa, dada, watu wanapanga foleni. Akachukua asali ya msimu mzima, akanunua mtamba. Mzuri huyo! Pembe hizi hapa, shingo hii hapa. Akampa jina Keza."

"Jina zuri," mama wa Nsemulwa akakubali.

"Akampeleka kwake. Akafunga simu akaenda kuteka maji. Kurudi, zizi jeupe! Keza yuko kwa muuzaji anakula majani. Akaenda akamfuata, akamrudisha. Akafunga simu. Kufungua, kaondoka tena. Na tena! Odeta akapanda juu ya jukwaa la soko, mbele ya wachezaji wote, akatangaza kwamba Luhende wa Majimoto ni mwizi."

"Basi si mwizi?" Marta akauliza. "Bonyeza hiyo hukumu, tuendelee na mambo mengine."

Hapo uso wa Hana ukabadilika kidogo. Maana hapo ndipo palipokuwa pamemkaa kooni tangu jana.

Jana Luhende alimwomba aingie kwenye zizi lake, achunguze anachotaka. Alikuwa kijana wa Kisukuma, sauti ya taratibu, mwenye kusema "ndiyo, dada" kabla hujamaliza swali. Akamtembeza. Hana alitegemea kuona zizi kama mazizi mengine ya mchezoni, ng'ombe wote sawa kama matofali. Akakuta kila ng'ombe ana sura yake. Huyu doa jicho la kushoto. Huyu mkia umekatika ncha. Huyu anatembea akivuta mguu. Luhende akamwambia, "Hawa ni wa guku, dada. Babu yangu, Malale. Alitoka nao kaskazini kuja huku Mpimbwe mimi nikiwa bado mgongoni mwa mama. Alipofariki waligawanywa, wengine wakafa, wengine hatujui waliko. Mimi nilikuwa nawachunga, kwa hiyo nawakumbuka. Nimewachora mmoja mmoja. Yule pale ni Radi. Yule ni Chelewa, kila siku wa mwisho kutoka malishoni. Huyu mwenye majivuno anaitwa Bibi Harusi." Mtamba aliyeuzwa hakuwa wa guku, alizaliwa mle mle mchezoni, ndiyo maana alimuuza.

Na kanuni ya mchezo ilikuwa wazi: muuzaji akikutwa na wizi anafungiwa, na kila alichonacho kinafutwa. Mpatanishi asipotoa hukumu mpaka saa kumi na mbili jioni, mitambo inaamua yenyewe. Mitambo haijui Radi wala Chelewa. Inaangalia kitu kimoja: ng'ombe kalala kwa nani?

"Kwa hiyo wale ng'ombe wa marehemu..." Marta alisema, mkono umesimama hewani na rasta.

"Wanapotea. Wote. Safari hii hata wa kukumbukwa hawabaki."

Kisha mama wa Nsemulwa akasema, "We binti, wapigie hao watoto. Niwekeeni hiyo simu mahali naiona."

Hana akaiegemeza simu kwenye kioo, katikati ya makopo ya mafuta na vitana, akawasha spika, akawaita wote wawili kwenye uwanja wa soko la Kijiji Pepe. Wakatokea: mtu wa mchezoni wa Odeta na kofia yake ya kurinia asali, mtu wa Luhende na fimbo begani, na katikati yao Hana mwenyewe, aliyejivika gauni la kijani ambalo kwa kweli hana.

"Habari zenu," Hana akaanza kwa sauti ya kiofisi.

"Nzuri, dada mpatanishi," Luhende akajibu.

"Mwambie huyo mwizi asisalimie kana kwamba ana amani," Odeta akasema.

"Mimi sijaiba, dada Odeta. Huyo mtamba anakumbuka mama yake tu. Ng'ombe akiuzwa lazima atoroke mara mbili tatu. Mpe muda azoee."

"Azoee! Umesikia, Hana? Anakumbuka mama yake! Mama yake ni kitufe!"

Mama wa Nsemulwa akaangua kicheko mpaka Marta akapoteza fundo. Hata Hana alicheka, akakigeuza kicheko kikawa kikohozi. Akauliza maswali yote aliyokuwa ameyaandaa. Ulimuuza kwa hiari? Ndiyo, dada. Ulipokea asali? Niliipokea, ni nzuri mno. Uliwahi kumfuata ng'ombe kwa Odeta? Hata kwake sipajui. Odeta, uliwahi kumfungulia mlango? Oya! Sijawahi, nimejenga na ukuta! Majibu yalikuwa safi yote, na kesi ikabaki pale pale, kama gari lililokwama tope la Mpimbwe: magurudumu yanazunguka, mwendo hakuna.

Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa kumi na moja. Hana akaanza kung'ata kucha. Chuoni walifundishwa kusikiliza pande mbili. Hakuna aliyewafundisha cha kufanya pande zote mbili zikisema kweli.

"Mimi kwetu," Marta akasema, huku anachoma ncha za rasta, "mtoto akisema kikombe kimevunjika chenyewe, mama alikuwa anampa kingine. 'Haya, kibebe tena kama ulivyokibeba.' Hapo ndipo ilikuwa inajulikana."

Hana akamwangalia. Akaangalia simu. Akaruka kutoka kwenye kiti.

"Luhende! Niuzie mimi ng'ombe!"

"Dada?"

"Mmoja wa waliozaliwa mchezoni. Niuzie kama ulivyomuuzia Odeta. Usibadilishe kitu. Fanya kama mimi sipo."

"Haya, dada." Wakaenda zizini wote watatu. Luhende akachagua ndama dume mmoja mwekundu, akamtoa nje kwa kamba. Hana akalipa kwa viazi, kwa sababu ndivyo alivyokuwa navyo. Luhende akampapasa ndama mgongoni, akainama, akafungua kamba shingoni, akaizungusha vizuri kwenye kiwiko, akaitia mfukoni.

"Tayari, dada. Wako huyo. Mungu akuzidishie."

"Simama hapo hapo!" Hana akapiga kelele mpaka mtu wa duka la jirani akachungulia. "Umefanya nini?"

"Nimekuuzia."

"Kabla ya hapo! Na kamba!"

"Nimeitoa."

"Kwa nini?"

Luhende akashangaa, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavua viatu kabla ya kulala. "Sasa dada... kamba si haiuzwi?"

"Nani kasema?"

"Kila mtu. Ng'ombe anauzwa, kamba inarudi nyumbani. Nenda mnadani Majimoto uangalie. Mnunuzi anakuja na yake, anamfunga, halafu muuzaji anatoa ya kwake. Ukimwachia mtu na kamba umempa bahati ya zizi zima. Guku hakuwahi kuacha kamba hata siku moja. Nani asiyejua hilo?"

"Mimi!" Odeta akapaza sauti. "Mimi sijui! Kwetu tunalima tumbaku! Ningejulia wapi?"

Hana hakuwa anasikia tena. Alikuwa ameshafungua kurasa za kanuni za mchezo, zile ambazo hakuna mtu anayezisoma, anashuka nazo kwa kidole mbio mbio. Na huko chini kabisa akakuta: mnyama ni mali ya mtu ambaye kamba yake ilikuwa ya mwisho shingoni mwake. Basi. Walioutengeneza mchezo hawajawahi kukanyaga mnadani. Waliona kamba ni sehemu ya ng'ombe, kama mkia. Luhende alikuwa anampa mnunuzi ng'ombe kwa moyo wote, na kila akitia kamba mfukoni, mitambo inaandika kwamba kabadilisha mawazo.

Alipowaeleza, Odeta akatoa mshangao wa kwao, "Yampayinka!" kwa sauti ndogo kabisa. Marta akapiga makofi. Mama wa Nsemulwa akasema yeye alishajua tangu mwanzo, jambo ambalo halikuwa kweli.

"Basi rahisi!" Hana akasema. "Luhende, mpe kamba, tumalize."

"Hapana, dada."

"Hapana nini?"

"Kamba siwezi kutoa."

"Luhende! Usipotoa wanafuta zizi! Radi, Chelewa, Bibi Harusi, wote!"

"Najua, dada." Akashika mfuko wenye kamba. "Lakini kama nikiwaokoa ng'ombe wa guku kwa kufanya kitu ambacho guku mwenyewe asingefanya, nitakuwa nimemwokolea nini?"

Hana alitaka kumgombeza, na wakati huo huo alitaka kumkumbatia. Alimwona kijana huyo wa Majimoto ameshika mfuko wake kwa mkono, akiwa tayari kupoteza kila kitu kwa ajili ya kamba ambayo hata si kamba, ni mistari tu ya mwanga. Na yeye ndiye aliyetangazwa sokoni kuwa mwizi!

Aliyepata njia ni Odeta.

"We Luhende. Mnunuzi anatakiwa aje na ya kwake, ndiyo?"

"Ndiyo."

"Kamba yoyote?"

"Yoyote inayoshika."

"Basi mngeniambia mapema, nyie watu! Tumbaku tunaifungia nini, mnadhani? Uzi wa kushonea? Tangu nina miaka saba nasokota kamba za magome ya miombo." Na kabla hawajajibu, mtu wake wa mchezoni akavua kofia ya asali, akachukua kisu, akakimbilia msituni.

Ikaanza shughuli. Odeta akachagua mti, akabandua gome refu kama ulimi, akaanza kulisokota. Sauti yake ikawa inakatika katika. "Mtandao... huku... subirini napanda kichuguu!" Wakasikia mtu anahema, majani yanapigana, na mtoto fulani wa huko Katumba anauliza dada Odeta anamkimbia nani. Halafu sauti ikarudi safi. "Niko juu! Siwaoni mchwa, lakini wao nadhani wananiona!"

"Dakika ishirini!" Hana akapiga kelele.

Luhende naye akaenda kumtoa Keza kwa kamba yake. Keza, kama aliyehisi kwamba leo mchezo umeisha, akaponyoka. Akapita katikati ya soko, akaangusha meza ya mtu wa nyanya, akaingia shambani kwa Hana, akaanza kula mahindi aliyoyapalilia tangu Jumapili.

"Mahindi yangu!"

"Yaache, dada, ni ya simu!" Marta akasema.

"Hata kama!"

Wakamzingira. Luhende kulia, Hana kushoto, gauni la kijani likikokota matope. Mama wa Nsemulwa, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima kama kishada, alikuwa ameinuka kwenye kiti anawaelekeza kwa kidole, "Huko! Huko! Mzibie huko, asije akapita!" Wateja wawili waliokuja kuulizia bei wakabaki mlangoni, hawaulizi tena. Mwisho Luhende akapiga mluzi, mluzi mmoja mrefu wenye kona katikati, na Keza akasimama palepale, masikio yamesimama.

"Huo mluzi ni wa nini?" Odeta akauliza, akitokea mbio na kamba yake mkononi.

"Wa guku."

"Utanifundisha." Alisema hivyo tu, akainama akaanza kufunga. Kamba ya gome ikazunguka shingo ya Keza, juu ya ile ya Luhende. Fundo la kwanza likateleza. La pili likashika.

"Sasa toa ya kwako," Hana akanong'ona, sijui kwa nini ananong'ona.

Luhende akafungua kamba yake taratibu, akaizungusha kwenye kiwiko, akaitia mfukoni. Keza akabaki na kamba moja. Odeta akamwongoza mpaka kwake, akamwingiza ndani ya ule ukuta, akafunga mlango.

"Nafunga simu," akasema. "Nikifungua hayupo, mimi narudi kumwita mwizi, nawaambia ukweli."

Akatoweka.

Wakasubiri. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika saba. Marta alikuwa ameshika kitana kama anaomba nacho. Kwenye spika ilisikika pumzi ya Luhende tu, na kwa mbali kengele za ng'ombe wa kweli wanaorudi Majimoto. Dakika sita. Hana aliwaza kama kichuguu kimebomoka. Dakika tano.

"YUPO!"

Saluni ilipasuka. Hana alirukaruka mpaka kandambili moja ikaenda kuangukia kwenye ndoo ya maji ya kuoshea nywele. Marta alimkumbatia mama wa Nsemulwa. Wale wateja wa mlangoni walishangilia pia, ingawa mmoja alikuwa anamuuliza mwenzake nani kafunga goli.

"Bado! Bado!" Hana akajikumbusha. Hukumu ilikuwa na vitufe vitatu: muuzaji ana kosa, mnunuzi ana kosa, na cha tatu, wamepatana. Hicho cha tatu hakifanyi kazi mpaka pande zote mbili zibonyeze. Luhende akabonyeza mara moja. Odeta hakubonyeza.

"Odeta? Dada yangu, dakika tatu."

"Nilimwita mwizi mbele ya soko zima," Odeta akasema. "Siwezi kupatana naye kichochoroni wakati nilimtukana uwanjani. Ngoja."

Akakimbia. Hana alitamani kulia. Mtu wa Odeta akapanda jukwaa lile lile la soko, akawageukia wachezaji wote waliokuwa wanachuuza, sauti yake ikatoka juu ya kichuguu huko Katumba ikaingia kwenye simu za watu sijui wangapi.

"Jamani nyie! Yule Luhende wa Majimoto niliyesema ni mwizi, si mwizi! Ni mtu wa mnadani, na mimi nilienda mnadani bila kamba! Anayetaka ng'ombe aje kwake, na aje na kamba yake! Na asali yangu iko pale pale kwa anayetaka! Asanteni!"

"Mpaka na tangazo la biashara kaweka," mama wa Nsemulwa akasema kwa heshima kubwa. "Huyo mtoto ana akili."

Odeta akabonyeza. Kesi ikageuka kijani, ikafungwa. Zizi la Luhende likabaki na kila mmoja mle ndani, Radi, Bibi Harusi, na Chelewa ambaye hata muda huo ndiyo kwanza alikuwa anaingia mlangoni. Luhende alijaribu kushukuru, akaishia kusema "ndiyo, dada" mara kadhaa bila kuulizwa kitu. Hana akajifanya anatafuta kandambili yake, huku anajifuta macho kwa taulo la saluni.

Marta alimaliza nusu ya pili ya kichwa kwa haraka ya ajabu, maana mume wake Deusdedit alikuwa ameshafika na pikipiki, yuko nje anapiga honi. Mama wa Nsemulwa akaondoka anajiangalia kwenye kila kioo cha dirisha. Hana alikuwa ananyoosha mkono kukata simu ndipo akasikia upande wa Majimoto sauti nyingine, sauti nzee, imekaribia kabisa.

"We Luhende, ulikuwa unampigia nani mluzi wa mume wangu?"

Hana akarudisha mkono.

"Bibi, ni mchezo. Ni ng'ombe wa kwenye simu."

"Lete nione." Simu ikabadilisha mikono. Kitu kinakwaruza. "Huyu... huyu ni Radi? Luhende, huyu si Radi?"

"Ndiye, bibi."

"Mbona umempa pembe nzima? Ya kulia ilivunjika siku tuliyovuka mto. Na huyo nyuma, sogeza... Chelewa! Mwone alivyo mvivu! Na yule mweupe yuko wapi?"

"Mweupe gani, bibi? Guku hakuwa na mweupe."

Bibi akacheka, kicheko cha chini chini cha mtu anayejua kitu peke yake. "Guku yako hakuwa na mweupe wa kukuonyesha wewe. Kaa chini. Na huyo binti niliyemsikia anapiga kelele sokoni, mwite naye akae."

"Nipo, bibi," Odeta akasema kwa adabu, bado yuko juu ya kichuguu.

"Vizuri. Sasa huyo mweupe, nyie watoto, aliingia zizini kwetu kwa njia ambayo..."

"Hana!" Marta aliita kutoka nje, ameshakaa nyuma ya pikipiki, kofia kichwani. "Nani huyo anaongea? Bibi yake? Kasema nini? Hana, we mtoto! Deusdedit, zima kwanza hiyo pikipiki!"

"Sizimi, chakula kinapoa," Deusdedit akasema.

Hana alikuwa ameziba sikio moja kwa kidole, simu ameikandamiza kwenye sikio lingine, macho yamemtoka kama taa. Akampungia mkono, nenda, nenda.

"Angalau niambie ni ng'ombe gani!"

"Kesho!" Hana akanong'ona kwa nguvu zote. "Kesho asubuhi, dada, hujatoa hata funguo kwenye pochi, utanikuta nimekaa hapa kizingitini nakusubiri. Nitakwambia yote. Ila sasa hivi ondoka, ondoka, utanikosesha!"